Mume Wangu Alinifungulia Daftari la Wazimu

"Mshike mikono asikimbie!"

Aliyesema hivyo ni mume wangu. Aliyenishika ni dada yangu wa tumbo moja!

Nyie... saa nne asubuhi, nimekandamizwa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya daktari wa magonjwa ya akili. Wamenitoa kazini na sare yangu.

"Dada, niachie."

"Tulia mdogo wangu. Tunakusaidia."

"Kwani naumwa?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, hata hujijui!"

Ngojeni niwaambie kilichonifikisha pale.

Mimi napiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka, foronya, mashuka tena. Miaka tisa ya ndoa niliishi kwa kutetemeka. Nikisikia funguo za mume wangu mlangoni, naacha nilichoshika na kuinuka haraka. Chumvi ikizidi, samahani. Mvua ikinyesha, samahani!

Wiki sita kabla ya siku ile, nikiwa katikati ya shuka, mashine zote zikanyamaza. Naziona zinazunguka, lakini kimya! Joto likanishuka kutoka utosini mpaka nyayoni, na halikuwa la pasi. Halafu ndani yangu likaja neno moja tu...

"Inatosha."

Nililia nimejifunika lile shuka mpaka msimamizi akadhani nimeungua na mvuke.

Nilipofuta machozi, woga haukuwepo. Niliutafuta, haupo! Jioni ile funguo zikalia mlangoni, mimi nikaendelea kunywa chai yangu.

Mume wangu akaanza kusema nimechanganyikiwa. Dada akamuunga mkono haraka sana, maana miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo za watoto wake. Wakapanga: daktari akisaini fomu, nalazwa, na binti yangu wa miaka sita anahamia kwa mama mkwe.

Binti yangu! Hapo nikajiapiza sipigi kelele wala sitoi chozi. Ningepiga kelele, ningekuwa nimewapa walichokitaka.

Tukaingia.

"Ushahidi wote uko humu, daktari," mume wangu akasema, akatoa daftari.

Sasa mjue, mume wangu ni mlinzi wa zamu ya mchana kwenye geti la kiwanda. Kila gari linaloingia analiandika na saa yake. Basi na mimi mkewe akaniandika hivyo hivyo, kama lori!

Daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasoma kwa sauti.

"'Saa kumi na mbili jioni. Nimemfokea. Hakuomba samahani.'"

"'Saa moja. Anaimba jikoni.'"

"'Jumapili. Amekataa kufua nguo za dada yake. Amekataa kwa upole.'"

Dada akaniachia mkono taratibu. Daktari akaniuliza kilichonibadilisha, nikamsimulia lile neno lililonijia kazini.

"Mama, hilo neno," daktari akaniuliza, "huwa linarudi? Linakuamrisha kitu?"

"Halijarudi."

"Unadhani lilikuwa nini?"

"Mungu. Wewe ukitaka kuliita uchovu wa ubongo, liite. Mimi silirudishi!"

Akacheka kidogo.

"Sina kipimo cha kujua limetoka wapi. Mimi naangalia limekuacha vipi. Unalala, unakula, unafanya kazi, unalea mwanao."

Kisha akamgeukia mume wangu.

"Baba, na hizi za usiku umeandika wewe?"

"Mimi mwenyewe!" Kifua mbele kabisa.

"'Saa saba usiku, amelala. Saa nane, amelala. Saa tisa, amelala, anatabasamu. Saa kumi, bado.' Kila usiku, wiki sita. Na asubuhi unaenda getini?"

"Naenda."

"Wewe unalala saa ngapi?"

Akalichukua daftari lake mezani, akaanza kulipekua.

"Baba?"

Daftari likamponyoka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, jamani! Kutetemeka kule nakujua, kulikuwa kwangu miaka tisa.

"Nikifumba macho naona ameondoka," akasema, machozi yanamtoka. "Zamani alikuwa ananiogopa, nikajua hatatoka. Sasa hata sijui anabaki kwa nini."

Fomu ilisainiwa siku ileile. Aliyelazwa ni yeye, na alikubali mwenyewe.

Nilimhurumia, sitawadanganya. Lakini huruma si ruhusa ya kunirudisha nilikotoka.

Wewe unayesoma hapa huku umetega sikio mlangoni, nisikilize. Siku ukiacha kutetemeka, watakuita mwehu wale wale waliokuwa wananufaika ukitetemeka. Waache waandike!

Nilimpelekea nguo wodini kesho yake, nikamkuta amelala fofofo. Daftari lilikuwa kando ya mto. Nikachukua kalamu, nikamjazia mstari wa mwisho kwa mtindo wake:

"Saa moja asubuhi. Mke ametoka, anampeleka mtoto shule. Hakuomba ruhusa."