Mama Yake Bodil

Kila Jumanne nikitoka shule nilipitia kwa Bibi Arvilla, mama yake baba. Alinipa mkate wenye siagi, kisha tukakaa mbele ya kompyuta kusoma vitabu vya zamani vya kanisa kutoka Denmaki, vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Macho yake yalikuwa yamefifia, hivyo msomaji nilikuwa mimi. Ule mwandiko uliojikunjakunja alinifundisha mwenyewe.

Tulikuwa tukimtafuta mama yake Bodil. Bodil ndiye mwanzo wa ukoo wetu hapa bonde la Sanpete. Alifika mwaka 1857 akiwa na miaka tisa, baada ya kuvuka bahari kutoka Denmaki na kusukuma mkokoteni nyikani na baba yake. Baba huyo alifia njiani. Jina la mama hakuna aliyelijua. Katika chati ya ukoo iliyotundikwa sebuleni, nafasi yake ilikuwa tupu, na Bibi aliihangaikia kwa miaka thelathini.

Jumanne moja alinipa kurasa arobaini za ubatizo nizipitie nitafute jina la Bodil na wazazi wake, akaenda jikoni kupika jemu. Nilisoma kurasa tatu nikachoka. Nje nilimsikia binamu yangu Thane akidundadunda mpira. Basi nikaandika daftarini jina la mama: Kirstine Larsdatter, amezaliwa 1819. Nililitunga tu, papo hapo.

"Bibi, nimempata."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na saba," nikadanganya tena.

Bibi aliketi, akafuta mikono kwenye aproni, akalia. "Nilidhani nitakufa sijamjua," alisema. Kisha akanishika shavu. "Na wewe umeshatimiza miaka kumi na miwili, Annalee. Jumamosi tutampeleka hekaluni. Utabatizwa wewe kwa niaba yake."

Kwetu ndivyo tunavyowafanyia wazee wa ukoo waliokufa bila ubatizo wa kanisa letu: jina huandikwa kwenye kadi, na kijana wa ukoo huzamishwa majini kwa jina hilo. Hakuna jambo tunaloliheshimu zaidi. Na mimi ningezamishwa kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Tangu hapo sikula vizuri. Jumatano niliona kadi mezani kwa Bibi, imeshachapwa. Alhamisi Thane, ambaye hakujua kuwa nimedanganya, alinikuta nimejiinamia barazani.

"Unaogopa maji, wewe?"

"Niache."

"Usiogope. Huyo Kirstine atakuwa palepale anakusubiri akushukuru," akacheka. "Sisi tuliotangulia kuzamishwa hatujawahi kushukuriwa na mtu."

Alikuwa akitania, lakini niliinuka nikaingia ndani. Niliogopa maji, niliogopa Mungu, na kuliko vyote niliogopa uso wa Bibi siku atakapojua.

Ijumaa nilishindwa. Nilimkuta Bibi akipiga pasi gauni langu jeupe la kesho.

"Bibi, Kirstine hayupo. Nilimtunga."

Aliendelea kupiga pasi mkono mmoja wa gauni hadi ukaisha. Kisha akachomoa pasi ukutani, akachukua ile kadi, akaichana vipande viwili. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Vuta kiti," alisema. "Zimebaki kurasa thelathini na saba."

Tulisoma mstari kwa mstari, Ijumaa ile na Jumanne tatu zilizofuata. Katika ukurasa wa thelathini na moja nikaliona: Bodil, amebatizwa Machi 1848, baba yake ni yuleyule aliye kwenye chati yetu, mama yake ni Ane Pedersdatter. Pembeni mchungaji alikuwa ameongeza maneno machache. Ane alifariki siku nne baada ya kujifungua.

"Bibi," nilisema, "yupo."

Safari hii hakulia. Alitafuta kioo chake cha kukuzia, akausogelea uso wa kompyuta. "Nionyeshe kwa kidole. Nisomee tena." Nilisoma mara tatu, naye akifuata kila herufi. Hapo nilijua kuwa nimepoteza imani yake kwangu, na nikaumia.

Alipokwisha kuhakikisha, aliweka kioo chini.

"Mtoto hakumjua mama yake hata wiki moja," alisema taratibu. "Ndiyo maana hakutuachia jina. Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Lile jina lako la uongo lingekaa kwenye ile nafasi, nani angeendelea kumtafuta Ane? Mimi ningekufa nimeridhika. Wewe ungenyamaza. Naye angesahaulika moja kwa moja, kwa sababu wewe ulichoka. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hiyo naweza kuivumilia."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini kwa muda nitakuwa naangalia mwenyewe."

Kisha akanipa kalamu, akaniambia niandike jina la Ane kwenye chati kwa mkono wangu.