Neno "Positif" Kwenye Karatasi ya Adolphine

Adolphine alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtaani Nyalukemba. Kila asubuhi, mashine yake ikianza kulia, majirani walijua ameamka.

Mwezi wa tisa alienda kwenye kituo cha afya kupimwa kansere ya mlango wa kizazi. Baada ya wiki tatu alipewa karatasi ya majibu. Aliona neno moja tu la Kifaransa: positif, yaani "imeonekana". Hakungoja kuelezwa. Alirudi nyumbani kwa miguu, akaificha karatasi chini ya godoro.

Dada yake mkubwa, Ghislaine, alikufa kwa kansere hiyo. Adolphine ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani miezi minne. Aliujua mwisho wa ugonjwa huo.

Basi akanyamaza. Hakumwambia hata mume wake, Télesphore. Alikonda. Mashine ilikaa kimya siku nzima. Alianza kumfundisha binti yake Gloire, wa miaka kumi na tatu, kupika sombe, majani ya muhogo, na kumwogesha mdogo wake. Akamwonyesha zinapokaa nguo za baba za kanisani.

"Maman, unasafiri?" Gloire akauliza.

"Jifunze tu."

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, muuguzi wa kituo, Adèle, alikuwa akiwatafuta wanawake ambao hawakurudi baada ya kupewa majibu. Alimkuta Adolphine amekaa mlangoni.

"Maman Gloire, tulikungojea. Juu ya nini haukurudi?"

"Nirudie nini? Niko na kansere. Niko mutu wa kufa."

"Nani alikuambia kansere?"

Adolphine akaleta karatasi. Adèle akaisoma taratibu.

"Hii haisemi kansere. Inasema kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kulala pamoja, kimeonekana. Wanawake wengi wanakipata, na mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Kikikaa miaka mingi, kinaweza kuharibu mlango wa kizazi, na polepole kansere ikaanza. Ndiyo sababu tunataka kukuangalia tena."

"Dada yangu, yaya Ghislaine, alikufa."

"Yeye alipimwa mbele ya kuumwa?"

"Hapana. Alienda hospitali wakati damu ilikuwa inatoka kila siku."

"Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumutangulia. Wewe, tunaweza kuutangulia."

Adolphine akashusha sauti. "Na bwana yangu? Atasema nilitembea inje ya ndoa."

"Kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi. Hakionyeshi nani alikileta, wala lini. Nitamuelezea mimi mwenyewe."

Jioni hiyo Télesphore alimsikiliza Adèle mpaka mwisho. Kisha akamtazama mke wake.

"Miezi yote hii ulikuwa unakufa peke yako humu ndani?"

Adolphine akamwekea karatasi ile mkononi.

Kesho yake walienda kituoni pamoja. Daktari alipaka maji yenye asidi kama ya siki kwenye mlango wa kizazi. Sehemu ndogo ikageuka nyeupe. Daktari akainama kuangalia karibu zaidi, na Adolphine akajua amekwisha.

"Hapa pameanza kubadilika," daktari akasema. "Haiko kansere. Ila tukipaacha hivi, inaweza kuwa. Tutapachoma kwa joto leo leo."

Ilichukua dakika chache. Tumbo liliuma kama siku za mwezi. Aliambiwa majimaji yatatoka wiki kadhaa, asilale na mume wake wiki nne, na arudi haraka akipata homa, maumivu makali au damu nyingi. Baada ya mwaka apimwe tena.

Furaha haikuja siku ile. Alirudi kushona, lakini kila tumbo lilipomuuma, aliacha uzi na kukaa akisikiliza mwili wake. Aliota anamgeuza Ghislaine kitandani, na uso ni wake mwenyewe. Mwaka ulikuwa mrefu.

Siku ilipofika, alienda kituoni. Safari hii alingoja mpaka Adèle akamsomea kila neno. Kirusi hakikuonekana tena.

Adolphine hakucheka. Aliuliza tu, "Nitarudia kupimwa lini?"

Adèle akamwandikia mwaka wa kurudi. Ulikuwa wa mbali, miaka mitano mbele. Adolphine akausoma kwa sauti mara mbili, akahesabu: Gloire atakuwa amemaliza shule. Akajiona yuko pale, hai, akimshonea binti yake nguo ya siku ya kumaliza.