Mpishi Asiyevuka Mpaka

Kila Jumamosi, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya stesheni, familia zilizokuwa zinahama mji ziliuza vyombo vyao. Kulikuwa na vitanda, mapazia, feni, masufuria yaliyoungua matako, na vipaza sauti vilivyoshindana mpaka mtu hajisikii anachosema. Katika vurumai hiyo dada mmoja, gauni la manjano, raba nyeupe, kilemba cha bluu kimeanza kumlegea, aliinama akaokota jiwe refu, laini kama sabuni iliyotumika. Hapo hapo mwanamume mrefu mwembamba, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, alikuwa ameshanyanyua jiwe kubwa la miguu mitatu lililokuwa chini yake.

"Samahani kaka, hilo ni langu."

"Lako vipi, na mimi ndiye niliyelibeba?"

"Nimemshika mtoto wake. Mama haondoki bila mtoto."

"Basi mrudishe mtoto kwa mama yake, yaishe."

Muuzaji, mama mnene aliyekaa juu ya friji aliyokuwa akiiuza, aliwakata kauli. "Nyie wawili, mawe hayo yanakwenda pamoja. Nusu siuzi. Mkishindwa kuelewana, oaneni."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, ingawa hakuachia jiwe. "Kwanza unajua kazi yake?"

"Kusagia mahindi yaliyochemshwa na chokaa," alijibu mwanamume. "Unapiga magoti nyuma yake, unasukuma kwa mabega. Ukitumia mikono peke yake, kesho huinuki kitandani."

"Hee! Umeshafika huko?"

Mwanamume akatazama pembeni. "Ulimi wangu umefika."

Dada huyo alikuwa mtangazaji wa televisheni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia akiingia majikoni mwa watu, kuona wanapika nini na wanapikia nini, na kurudi na vyombo vyao. Wenzake kazini walimwita Kiguu, kwa kuwa kila siku alikuwa kiguu na njia. Mwanamume alikuwa na mkahawa mdogo mtaa wa pili kutoka hapo, akipika vyakula vya nchi za mbali, na kwa urefu na wembamba wake wateja walimwita Mwiko.

"Mwiko?" Kiguu alimwuliza siku hiyohiyo, wakiwa wamelibeba jiwe kwa pamoja kuelekea mkahawani, jasho linawatoka. "Mwiko wa kupikia, au mwiko wa kukatazwa?"

"Itategemea na wewe, dada."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Kuta za mkahawa wa Mwiko zilijaa vyombo vikuukuu: kikapu cha mianzi cha kupikia kwa mvuke, ubao wa kukunjia unga, chungu chenye kifuniko kirefu kama kofia, kinu cha shaba, upawa wa mti mweusi. Kiguu alivitambua vyote, maana alishakwenda kwenye nchi vilikotoka. Kila aliporudi safari alishuka kwenye teksi mlangoni pale na begi lake, vumbi la ugenini likiwa bado kwenye raba. Alimweleza Mwiko alichokula, naye akakipika. Akikosea, Kiguu alisema, "Bado, mpenzi. Moshi uwe mbele, chumvi ije nyuma." Akipatia, Kiguu alifumba macho, asiseme neno, na Mwiko akajua.

Akiwa safarini walizungumza kwa simu.

"Laazizi, niko milimani. Wanabandika mikate kwenye ukuta wa shimo la moto. Mama mwenye nyumba kainama mpaka kiunoni, nimedhani anatumbukia."

"Anavaa kitambaa mkononi?"

"Anavaa. Umejuaje?"

"Nimejua tu. Wewe umevaa nini?"

"Sweta mbili na soksi za mwenye nyumba. Usicheke!"

"Sicheki. Navuta picha. Rudi basi, kiti chako kina vumbi."

"Si ukifute?"

"Nasubiri mwenyewe aje akikalie."

Mambo yalikuwa hivyo hadi kituo cha televisheni kilipomkubalia Kiguu ombi lake kubwa. Msimu mpya wa kipindi ungekuwa na mpishi wa kusafiri naye, nchi kwa nchi, miezi mingi. Kiguu alimtaja Mwiko bila kufikiri mara mbili. Alipompa habari, Mwiko alimnyanyua juu, akamzungusha mpaka kilemba kikaanguka kwenye mchuzi. "Nitakwenda," alisema. "Na wewe, popote."

Lakini baada ya furaha ile alianza kubadilika. Kiguu akiuliza pasipoti, Mwiko alisema foleni ndefu. Akiuliza lini wataenda pamoja, jibu lilikuwa wiki ijayo. Simu alianza kuipokelea nje, kwa sauti ya chini. Na Kiguu akakumbuka kitu ambacho mapenzi yalimfanya akipuuze: muda wote huo hakuwahi kufika nyumbani kwa Mwiko, hata kwenye ngazi.

Kiguu hakuwa mtu wa kushuku ovyo. Ila aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja mwenye maneno matamu na udhuru mwingi, na kadi za harusi zilikuwa zimeshachapwa mkewe alipokuja kugonga mlango akiwa na mtoto mgongoni. Tangu siku ile, udhuru wa mwanamume ulimpa homa.

Asubuhi waliyopanga kwenda ofisi ya pasipoti, alisubiri kwenye ngazi za ofisi akiwa na sketi iliyonyooshwa vizuri na mkufu mpya, mpaka jua likamchoma utosi. Mwiko hakutokea, wala hakupokea simu. Kiguu akaenda mkahawani. Alimkuta mhudumu wa makamo aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuna habari iliyowahi kulala kifuani mwake.

"Bosi hayupo, dada. Leo kumechafuka kwake."

"Kumechafuka nini?"

Redio alitazama kulia na kushoto, kwa ajili ya heshima tu. "Bi mkubwa. Amekataa katakata hiyo safari. Amelia, kafungia nguo kabatini, kaficha funguo. Na unajua tena bosi na bi mkubwa wake. Yule mama akisema hapana, bosi habanduki."

"Bi mkubwa wake," Kiguu alirudia polepole.

"Ndiye huyo huyo. Hujawahi kuonana naye?"

Kiguu alitoka bila kuaga, akasimama chini ya kibaraza cha duka la viatu, akapiga simu. Mara hii ilipokelewa.

"Redio ameniambia," alisema. Hakusalimia.

"Amekuambia nini?"

"Habari za bi mkubwa wako."

Mwiko alishusha pumzi ndefu. "Nilitaka nikuambie mwenyewe. Nilikosa pa kuanzia."

"Kwa hiyo ni kweli yupo."

"Yupo. Tunakaa pamoja."

"Unampenda?"

"Swali gani hilo, mpenzi? Nitaachaje kumpenda? Kabla yako sikuwa na mtu mwingine."

"Na mimi ulitaka kuniweka wapi?"

"Nilitaka nimpe muda akuzoee. Ana roho nzuri, ila ana wivu kidogo wa—"

"Anizoee!" Kiguu alipaza sauti hadi mwenye duka akachungulia. "Mwambie asijisumbue kunizoea. Na wewe usinijue tena."

"Kiguu, subiri—"

Alikata. Kisha akaifungia namba ile isiweze kumpata. Msimu ulipoanza, alipanda ndege peke yake.

Kwenye skrini watazamaji walimwona akitabasamu. Alikuwa kisiwani ambako samaki hufunikwa kwa majani na kuzikwa na mawe ya moto, akasema, "Mtamu ajabu!" na ulimini hakusikia kitu. Alikuwa katika mji ambako bibi mmoja alimfundisha kukunja maandazi madogo ya nyama na kuyapanga kwenye kikapu cha mvuke, na alipoona kikapu kile machozi yakamtoka mbele ya kamera. Mpigapicha akafikiri ni mvuke. Usiku hotelini aliandaa maneno makali ya kumwambia Mwiko, kisha akajikuta anamsimulia kimoyomoyo namna bibi yule alivyokuwa akibana unga kwa kidole gumba.

Huku nyuma Mwiko alipika ovyo. Chumvi ilizidi, wali uliungua, na wateja wakaanza kuacha sahani nusu. Hakuelewa alichokosa. Kila siku aliyarudia maneno ya ile simu kichwani, hadi jioni moja, akiwa nyumbani amesusa chakula, alimweleza mama yake yote kama yalivyokuwa.

Mama aliweka kijiko chini. "Rudia hapo. Alikuuliza kama unanipenda?"

"Ndiyo."

"Mwanamke gani anamwuliza mwanamume kama anampenda mama yake?"

Mama alimpiga kofi la bega.

"Jinga wewe! Huyo binti amedhani mimi ni mkeo!"

Kesho yake yule mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa gauni lake la kutokea, akaingia mkahawani kwa mwanawe, akapita chini ya vile vyombo bila kuviangalia, akamnyooshea Redio mkono. "Lete simu yako. Wewe na mdomo wako mmeniozesha kwa mwanangu."

Kiguu alikuwa kwenye korido ya hoteli, begi mkononi, namba asiyoijua ikaita.

"Mimi ndiye bi mkubwa," ilisema sauti ya kikongwe.

Kiguu aliegemea ukuta. "Sina la kuzungumza na wewe, dada. Mume wako nimekuachia."

"Dada? Mume? Mimi huyo nimemzaa! Kichwa chake kikubwa kilinitesa kuanzia asubuhi hadi jioni!"

Kiguu akakaa chini palepale kwenye zulia, akacheka, na kicheko kikageuka kilio.

"Lia, mwanangu," mama alisema, sauti imelainika. "Na mimi nimelia. Kukataza nilimkataza kweli, hilo sikufichi. Njoo unikabili mwenyewe."

Mapumziko ya msimu yalipofika, Kiguu alikwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani kwa Mwiko. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, sebule imepigwa deki, mapazia ya waridi, maji yanachemka. Mwiko alisimama katikati ya chumba, mashavu yamebonyea.

"Umekonda," Kiguu alisema.

"Na wewe umeungua na jua."

"Shikamoo mama," alimgeukia mzee.

"Marahaba. Kaa hapa, nikuone vizuri." Mama alimkagua kuanzia kilemba hadi raba. "Nikwambie kwa nini nilikataza. Baba yake huyu alikuwa mpishi wa meli. Kila bandari alinitumia chombo. Mara kikapu, mara chungu, mara kinu cha shaba, na salamu kwamba anarudi. Mwisho akatuma upawa mweusi, akafuatiwa na habari kwamba huko alikoununua ameoa, hatarudi. Mwanangu aliokota vyombo vile nilipovitupa, akajifunza kupika navyo. Mimi siingii kwenye ule mkahawa, isipokuwa siku ile ya kukupigia simu. Nikiviona, namwona yeye."

Kiguu akamshika mama mkono.

"Basi mama akiruhusu leo," alimgeukia Mwiko, "utakuja?"

Mwiko aliinamisha kichwa. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayeng'oa msumari. "Nimemsingizia mama muda wote. Hata angenifungulia mlango, nisingetoka. Naogopa."

"Ndege?"

"Hapana. Naogopa nikifika huko, nikala chakula chao kwenye vyombo vyao, nitamwelewa baba. Na nikimwelewa, nitamsamehe. Nitamtazamaje mama usoni?"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye jiko, hakuna aliyekwenda kuyaepua. Mama alivuta upindo wa gauni, akajifuta macho kwa hasira.

"Msamehe ukitaka," alisema mwishowe. "Ni baba yako. Mimi sijamsamehe, na hilo ni langu peke yangu. Ila usikae humu ndani ukasema ni kwa ajili yangu. Mzigo huo siubebi tena."

Mwiko alipiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kichwa mapajani mwake kama mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha, bado amepiga magoti, akamgeukia Kiguu.

"Nimeshafika huku chini," alisema, macho mekundu, "acha niseme na lingine. Sina pete. Utakubali kuolewa na mimi?"

"Una mke mwingine?"

"Kiguu!"

"Nauliza tu. Nakubali."

Walifunga ndoa kwenye ofisi ya msajili, Redio akiwa shahidi, akitangaza kwa kila aliyepita. Pasipoti ikapatikana. Siku ya safari mama hakwenda uwanja wa ndege. Alisema magoti yanamuuma. Aliwasindikiza hadi kwenye ngazi, akamfunga mwanawe kifungo cha juu cha koti, akamwambia Kiguu sikioni maneno ambayo Kiguu hakuyarudia kwa mtu yeyote, kisha akafunga mlango kabla teksi haijaondoka.

Ndege ilipopaa, Mwiko alibana mkono wa mkewe mpaka vidole vikafa ganzi. Hakutazama dirishani hata mara moja. Walipotua, katika ukumbi uliojaa watu wenye lugha asiyoijua, harufu ya viungo vigeni ikitoka kwenye vibanda vya chakula, Kiguu alimwona mumewe akisimama, akivuta hewa, uso umekunjuka polepole. Akaogopa. Kwa mara ya kwanza Kiguu naye, kama mama, akaogopa kwamba ugenini kutamchukua.

Lakini Mwiko alikuwa akitafuta simu mfukoni.

"Mama. Nimefika."

Kiguu alisogeza sikio karibu.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Bado."

"Kunanukia nini huko?"

Mwiko alifumba macho. "Kunanukia vizuri, mama," alisema.

"Najua," alijibu mama. "Nilijua kunanukia vizuri. Kula, mwanangu. Mkeo naye ale. Halafu mrudi."

Simu ikakatwa. Mwiko alibaki ameishika sikioni, na Kiguu akayavuta mabegi yote mawili, akamwacha alie.