Chai ya Mwenye Bustani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na si mtu wa porojo. Ukimletea habari za majini atakuuliza kama umekula. Kwa hiyo hili nalisimulia kama alivyonisimulia, bila kutia chumvi.

Aliolewa na dereva mstaafu aliyefiwa na mke. Nyuma ya nyumba akakuta bustani ya marehemu: mchaichai, mnanaa, mrehani. Akairithi kama alivyorithi masufuria. Mumewe alipobanwa na kifua, shangazi akawa anachuma majani kila asubuhi, anayaosha, anayamwagia maji ya moto na kuyafunika mpaka yatoe rangi. Mzee akawa anakunywa, na kukohoa kukapungua. Shangazi alifurahi mno, maana mume huyo alimpata ukubwani na alimpenda kweli.

Asubuhi moja alimpelekea kikombe. Mzee akaonja, akakirudisha.

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

"Ya kwanza ipi? Ndiyo kwanza nimeepua maji."

Mzee akacheka, akamwambia aache utani wake. Shangazi akadhani ni homa.

Lakini mzee alianza kukonda, na chai ya shangazi akawa haigusi. Kila akiulizwa, husema ameshakunywa. Siku moja mchana, shangazi akiwa kwenye cherehani, akasikia kijiko kinakoroga jikoni. Akaondoa mguu kwenye pedali. Kijiko kikaendelea. Akaenda. Jikoni hamna mtu. Akakimbilia chumbani, akamkuta mzee anajifuta midomo.

"Amekupa nani?" akanong'ona.

Mzee alikuwa anatazama nyuma ya bega lake. "Mwambie akae. Amesimama muda mrefu."

"Nani?"

"Mwenye bustani."

Shangazi hakugeuka. Aliniambia hofu ilimshika, lakini wivu ulimshika zaidi. Alitoka moja kwa moja hadi uani, akang'oa kila kilichokuwa kijani, akamwagia mafuta ya taa, akachoma. Moshi ulifuka mpaka jioni. Mzee alikuwa amekaa dirishani anatazama, machozi yanamtoka.

Kesho yake maziwa yaliisha. Shangazi akafunga mlango kwa ufunguo, akaharakisha dukani, mtaa wa pili tu. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mzee alikuwa kitandani, amelala ubavu, mkono ameunyoosha kama anayemlaza mtu. Hapumui. Shangazi akaushika ule mkono. Umeshapoa.

Alilia sana. Kisha akataka kujilaza kando yake, amuage kabla hajaita watu. Akaweka kiganja upande wake wa kitanda, pale anapolala yeye kila siku. Shuka lilikuwa limebonyea. Na lilikuwa bado lina joto.