Kibuyu cha Manju

Mimi ni Anisia, mke wa Valerian, na nasema bila kuona haya: hapa Kishapu hakuna manju anayemfikia mume wangu. Manju ndiye hutunga nyimbo na kuongoza ngoma. Kila mwaka pamba ikishauzwa, kundi letu hushindana na kundi la manju Donatus.

Mwaka 1954 nusura tushindwe kabla ya kucheza. Tumbo la Valerian lilimwaka moto, hasa akiwa na njaa. Kiungulia kilipanda hadi kooni. Alilamba magadi, akatulia kidogo, maumivu yakarudi. Akasema watu wa Donatus wamemroga.

Basi akazidi kushika desturi ya manju: msimu wa mashindano hali chakula cha watu, asije akategewa uchawi. Alitoka alfajiri kwenda mazoezini, akashinda na tumbaku na aspirini za dukani, akala jioni tu. Siku moja wimbo ulimkatikia mdomoni, akajikunja mbele ya wachezaji wake. Zilibaki wiki sita.

Nikampeleka zahanati, apende asipende. Dresa Thobias, mtoa dawa wa pale, alimwuliza kama ametapika damu au kupata choo cheusi. La, bado. Akatuonya kwamba tukiona hivyo tukimbilie hospitali ya Kolandoto siku hiyohiyo.

"Baba, jana ulikula saa ngapi?"

"Jioni."

"Na juzi?"

"Jioni."

"Ya Donatus siyajui," alisema dresa. "Ya njaa nayajua."

Akatueleza kwamba tumboni mna maji makali ya kusaga chakula. Pakiwa na kidonda, maji hayo hukichoma. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Aache tumbaku, pombe, pilipili na zile aspirini. Akishiba asilale papo hapo. Akampa dawa, akasisitiza aimalize, maana chakula peke yake hakiponyi kidonda.

"Nitakula wapi huko kiwanjani?" Valerian akaguna. "Kwa watu sili."

"Kwani mimi ni watu?" nikamjibu.

Tangu siku hiyo nilimfuata mazoezini na kibuyu cha uji wa mtama usiochachuka, na viazi vitamu vya kuchemsha. Watu walicheka, eti manju ananyonyeshwa. Valerian alitaka kujificha. Nikamwambia anywe mbele yao. Akanywa, kisha akautungia uji wangu wimbo.

Siku ya mashindano aliimba toka asubuhi hadi jua kuzama. Watazamaji wakamwacha Donatus, wakahamia kwetu wote, na huo ndio ushindi wa ngoma. Nililia kwa furaha, sikujali nani ananiona.

Siku ya nne Donatus alikuja nyumbani, peke yake. Akasalimia, akaketi.

"Shemeji," akasema mwishowe, "moto huo wa tumbo hata mimi ninao. Mwaka wa pili sasa."

Nikamimina uji. Aliutazama tu. Valerian akachukua bakuli, akanywa kwanza, akampa. Donatus akanywa, akalimaliza, ndani ya nyumba ya mshindani wake.

"Kesho nitakupeleka kwa dresa," nikamwambia. "Upone vizuri. Mwakani tunataka kumshinda mtu mzima, si mgonjwa."