Wakesho Anataka Jina la Ishara

Hebu piga picha hii akilini. Watoto kumi na wawili wamekaa mezani. Wote wanaongea kwa pamoja, na midomo yote imejaa viazi.

Hakuna anayekemewa. Kiazi kiko mkono huu, maneno yako mkono ule. Wanaongea kwa mikono!

Hawa ni watoto viziwi. Lugha yao ni Lugha ya Ishara. Ukitaka kumwita mwenzako, unapiga meza. Du! Du! Meza inatikisika, naye anageuka.

Mmoja wao ni Wakesho. Ana miaka sita. Ni mgeni hapa shuleni, na ana shida moja.

Wakesho hana jina la ishara.

Wenzake wote wanayo. Jina la Saru ni kulamba ncha ya msuko. Kwa nini? Siku moja msuko wake ulitumbukia kwenye uji. Saru hakutaka uji upotee bure.

Jina la Mghanga ni kidole puani.

"Nilitia mara moja tu!" Mghanga hulalamika.

"Tulikuona," humjibu wenzake.

Hata Mwalimu Mwandawiro analo lake, maana naye ni kiziwi. Jina lake ni kupiga tumbo. Pa! Pa! Siku hizi mwalimu amekonda. Jina halijakonda.

Lakini Wakesho? Kumwita Wakesho ni lazima uandike jina lake hewani kwa vidole, herufi moja moja. W. A. K. E. S. H. O. Lo! Hiyo ni safari.

Na safari hiyo ina maumivu. Watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, Wakesho hukaa katikati na wenzake, na mpira unakuja mbio. Saru anataka kumwonya ainame. Anaanza kumwita.

W. A. K. E...

Pu! Mpira umetua makalioni. Wakesho ametoka.

Jumanne, pu! Jumatano, pu! pu!

"Nataka jina," alisema Wakesho huku akijisugua. "Tena nalitaka upesi."

Alhamisi asubuhi akajitungia mwenyewe. Taji kichwani. Nyota mbili. Mabawa ya kipepeo. Kisha mzunguko mmoja, gauni lipepee vizuri.

"Mnaona? Huyo ndiye mimi!" alisema.

Saru alipiga mwayo. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hilo ni refu kuliko herufi zako zote. Nani amekupa?"

"Nimejipa."

Watoto wakatazamana. Wakacheka, wakacheka, mpaka Mghanga akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Hujipi!" alisema Saru.

"Unapewa!" alisema Mghanga, akiwa bado chini.

Wakesho akaenda kwa mwalimu. Mguu wake ulikanyaga sakafu kwa hasira. Du! Du! Du!

"Mwalimu, waambie wanipe jina leo."

"Siwezi," alisema Mwalimu Mwandawiro. "Wenzako wanakutazama kwanza."

"Wanatazama nini?"

"Wanakutazama wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakuone."

Wakesho akarudi mbio. Akasimama mbele ya Saru, pua kwa pua. "Haya, niko hapa. Nione!"

Saru akamwona. Jina halikuja.

Basi Wakesho akaamua kutembea kama malkia, labda watamwona hivyo. Kidevu juu. Pua juu. Macho juu kabisa.

Chubwi! Malkia ameingia mguu mzima kwenye ndoo ya kupigia deki.

"Ndoo!" alisema Mghanga, akichovya mkono kwenye ndoo ya hewani. "Jina lake Ndoo!"

Machozi yakamlengalenga Wakesho. "Sitaki kuwa Ndoo."

Mwalimu Mwandawiro akapunga mkono ili wote wamtazame. "Akisema hapana, ni hapana. Hatumpi mtu jina la kumliza."

Saru akamgeukia Mghanga. "Mbona wewe hukukataa lako?"

Mghanga akatazama viatu vyake. "Nalipenda," alisema, kwa ishara ndogo sana.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Na Ijumaa ni siku ya chapati na ndengu.

Chapati zikaja zikiwa moto. Wakesho akasahau taji. Akasahau nyota. Akasahau kila kitu. Akakata kipande, akachovya, akala.

Bega moja likapanda. Bega la pili likapanda. Juu, chini. Juu, chini. Mabega yalikuwa yanacheza ngoma yao wenyewe!

Wakesho hakujua. Alikuwa anatafuna tu.

Saru aliacha kula. Du! Du! Akapiga meza.

"Mtazameni!"

Wote wakatazama. Juu, chini. Juu, chini.

"Ni chapati hiyo," alisema mtoto mmoja.

"Si chapati," alisema Saru. "Jana alicheza hivi na viazi."

"Na juzi na maharagwe," alisema Mghanga. "Yale yenye mawe!"

Saru akainuka. Akapandisha mabega yake. Juu, chini. Juu, chini. Kisha akamwelekezea Wakesho kidole.

"Huyu ni wewe."

Wakesho alikuwa na shavu lililojaa chapati. Hakukuwa na taji. Hakukuwa na kipepeo. Akajaribu polepole. Juu, chini. Juu, chini.

Ilimtekenya. Akacheka, na kipande cha chapati kikaruka nje.

"Ni mimi!" alisema. "Ni mimi kabisa!"

Mchana wakacheza kati. Wakesho akakaa katikati na wenzake. Mpira ukarushwa, ukaja mbio.

Saru akapandisha mabega. Juu, chini!

Wakesho akainama. Fyuuu! Mpira ukapita juu ya kichwa chake, ukaenda, ukaenda, ukatua tumboni mwa Mwalimu Mwandawiro.

Pa!

Watoto wote walijificha nyuma ya tangi la maji. Mwalimu alikuja akawakuta. Alicheka zaidi yao.

Jioni nyumbani, Mama alimfunika Wakesho blanketi. Mama anasikia, lakini anajifunza Lugha ya Ishara. Mikono yake bado inajikwaa, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Wakesho akamwonyesha jina jipya. Mama akalifuata kwa mabega yake. Juu, chini. Juu, chini. Kitanda kikatikisika.

"Na mimi?" aliuliza Mama. "Nipe langu."

Wakesho akamkazia macho. Mama akanyoosha shingo. Akatabasamu kama mtu anayepigwa picha.

"Acha hivyo, Mama," alisema Wakesho. "Hujipi. Unapewa."

"Nitapewa lini?"

"Nakutazama kwanza."

Na akamtazama Mama, akamtazama, akamtazama, mpaka macho yakajifumba yenyewe.

Nawe mpenzi, kabla hujalala, kumbuka kitu kimoja tu. Ukipata rafiki kiziwi, usikimbilie kujitungia jina la ishara. Kaa naye. Kula naye. Cheza naye. Ngoja akuone.