Usiingie Wingu Lile

"Asivuke mpaka," sauti ya Mkuu wa polisi ilikwaruza redioni. "Amebeba vilipuzi. Una dakika sita, kisha jeshi linamwangusha."

"Nimekupata."

Kipanga, rubani wa polisi, alisukuma kipini cha mafuta. Ndege yake ndogo, Cessna, ikanguruma. Mbele yake ndege nyingine ndogo, Piper nyeupe, ilikata anga chini chini bondeni, bila mpango wa safari, transponda inayoitambulisha kwenye rada imezimwa.

Rubani wa Piper hiyo alikuwa mtoto wa dada yake Kipanga.

Mbele zaidi, wingu zito lilikalia milima. Sheria ni moja: asiyefuzu kuruka kwa kutegemea saa za vipimo ndani ya ndege asiingie wingu. Leseni ya kijana ilisema amefuzu.

Ilidanganya. Katika saa kumi za mwisho za mafunzo hayo, Kipanga, mwalimu wake, aliruka naye mbili tu. Nane alizijaza kitabuni kwa kalamu. "Undugu kufaana," dada yake alimbembeleza, naye akasaini.

"Piper nyeupe, geuka ukatue. Ni mimi, mjomba wako."

Kijana akajibu: "Mjomba, niache nipite. Wingu naliweza. Wewe mwenyewe ulisaini!"

Ilimchoma.

"Nilidanganya. Huliwezi. Mle hutajua juu wala chini."

"Wakinikamata je?"

"Utakuwa hai."

Bawa la Piper liligusa ukungu. Ikayumba.

Ikamezwa.

Nimemuua, Kipanga alijiambia. Nimemuua kwa kalamu.

"Usitazame nje! Tazama kile kindege kwenye saa ya katikati. Kisawazishe na mstari wa upeo. Sasa geuka kushoto, taratibu, kama umejitwika maji."

"Mjomba, naanguka!"

"Huanguki. Mwili unakudanganya. Iamini saa!"

Sekunde kumi.

Ishirini.

Piper ikachomoka chini ya wingu, imegeuza pua ilikotoka.

Walitua wakifuatana kwenye uwanja wa changarawe. Makachero wakashusha maboksi arobaini ya vilipuzi. Tajiri aliyeyatuma, kijana alipomtaja, alinaswa hotelini kabla injini hazijapoa. Kijana alitiwa pingu.

"Kazi safi, Kipanga," alisema kachero mwenye jalada. "Mkuu anataka kukupongeza."

"Mwambie afungue majalada mawili. La pili ni langu. Nilighushi saa za mafunzo."

Kachero alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Kipanga aliweka bastola yake ya Glock na leseni yake ya urubani juu ya boksi, akavaa miwani ya jua, akaelekea getini bila haraka, simu sikioni.

"Dada," alisema. "Hebu kaa chini kwanza."